Stearman, Yak-52 au T-6: uanze na ipi kujifunza injini ya radiali?

Anayetaka kujifunza ndege za zamani zenye injini ya radiali, yaani ile ambayo silinda zake zimepangwa duara kuzunguka krankishafti, mara nyingi hujikuta mbele ya majina matatu: Boeing Stearman, Yak-52 na North American T-6, ambayo Waingereza na Jumuiya ya Madola waliiita Harvard. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia marubani. Zote zina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Zaidi ya hapo zinatofautiana sana, na wengi huchagua kwa sura au kwa idadi ya farasi. Mimi ningetazama kwanza mambo mawili: inawashwaje, na je, gurudumu lake la tatu liko puani au mkiani?

| | Stearman (PT-17) | Yak-52 | T-6 |
|---|---|---|---|
| Injini | Continental R-670, silinda 7 | Vedeneyev M-14P, silinda 9 | Pratt & Whitney R-1340, silinda 9 |
| Nguvu | farasi 220 | farasi 360 | farasi 600 |
| Uzito wa juu | kama kilo 1,230 | kama kilo 1,300 | kama kilo 2,400 |
| Kuwasha | gurudumu zito la ndani ya stata, kwa mkono au umeme | hewa ya kushindiliwa | gurudumu zito la umeme |
| Gurudumu la tatu | mkiani | puani | mkiani |
| Magurudumu kukunjwa | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Petroli kwa saa | lita 45 hadi 50 | kama lita 60 | kama lita 115 |
| Kiti cha mwanafunzi | nyuma | mbele | mbele |

Kabla ya yote, oili iliyotuama

Kuna somo moja linalofanana kwa zote tatu, na nalitanguliza kwa sababu mwalimu asiyeanza nalo si wa kumlipa.

Silinda za chini za injini ya radiali zimepinduka, vichwa vyake vinatazama ardhi. Ndege ikilala siku kadhaa, oili huteremka taratibu, hupenya kando ya ringi za pistoni na kujaa ndani ya silinda hizo. Oili haishindiliki. Pistoni ikija kukutana nayo huku valvu zimefunga, lazima kitu kiachie, na mara nyingi kinachoachia ni konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankishafti. Ubaya ni kwamba inaweza kupinda kidogo tu, injini ikawaka na kunguruma vizuri, halafu konrodi ikakatika baada ya saa kadhaa za kuruka, ukiwa juu.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha unazungusha propela kwa mkono. Magneto, yaani vifaa vinavyozalisha cheche za plagi, zimezimwa, mchanganyiko wa petroli umekatwa, na bado unaliogopa kila panga la propela kana kwamba injini itawaka sasa hivi: waya mmoja wa magneto ukikatika, kuzima swichi hakuzimi kitu. Unavuta kuelekea upande ambao injini huzungukia. Panga likigoma, unaacha hapo hapo. Hulilazimishi, wala hulirudishi nyuma, maana kulirudisha kunaweza kuisukuma oili ikapita valvu ya kuingizia hadi kwenye bomba la hewa, ikakaa humo ikingoja kunyonywa tena injini itakapowaka. Dawa ni kufungua plagi ya chini ya silinda inayoshukiwa, kuimwaga oili, kisha kuanza upya.

Idadi ya mapanga ya kuvuta hailingani. Injini ya mipigo minne humaliza kazi ya silinda zote kwa mizunguko miwili ya krankishafti. Propela za Stearman na T-6 zimefungwa moja kwa moja kwenye krankishafti, kwa hiyo propela ya mapanga mawili inapitisha mapanga manne na kila silinda imekaguliwa. M-14P ya Yak ina gia inayopunguza mwendo wa propela kwa uwiano wa 0.658, mizunguko miwili ya ndani ni mzunguko mmoja na theluthi hivi nje, karibu mapanga matatu kwa propela ya asili ya mbao yenye mapanga mawili, au manne kwa ile ya kisasa yenye matatu. Hicho ni kiwango cha chini. Kitabu cha ndege na mwalimu wako watataka zaidi, na hakuna aliyewahi kujuta kwa kuvuta panga la ziada.

Kama unajiuliza kwa nini ni silinda 7 au 9 na si 8: injini ya mipigo minne huwasha silinda moja na kuruka inayofuata, 1-3-5-7-9 kisha 2-4-6-8, na mpango huo hutimia bila kukatika kwa idadi ya witiri tu.

Kuwasha

Hapa ndipo ndege hizi zinapoachana kabisa.

Stearman za jeshi nyingi hazikuwa na stata ya umeme. Msaidizi huchomeka mkono wa chuma ubavuni mwa injini na kuzungusha gurudumu zito lililo ndani. Mwanzoni linanguruma chini kwa chini, halafu mlio unapanda hadi kuwa filimbi. Msaidizi anachomoa mkono na kusogea, mpini unavutwa, gurudumu linashikana na krankishafti, na nguvu yote aliyoihifadhi inakwisha kwa mizunguko michache ya propela. Ukiwa umedunga petroli kidogo mno kwa pampu ya kuwashia, mwenzako anaanza upya akitokwa jasho na kukutazama. Stearman nyingi zinazofundisha leo zimefungwa stata ya umeme, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lililobaki ni jepesi: petroli inashuka yenyewe kutoka tangi la bawa la juu, pembe ya mapanga ya propela hairekebishwi angani, na vitu vya kugusa ni vichache. Mwanafunzi ana nafasi ya kusikiliza injini badala ya kukimbizana na vifaa.

T-6 inataka viungo vyote vya mwili. Gurudumu zito lipo pia, ila linazungushwa na mota ya umeme: unakandamiza pedali ya stata kwa kisigino ili lichanganye, unahesabu sekunde, kisha unakandamiza kwa vidole ili lishikane na injini. Wakati huo mkono mmoja unapampu petroli kwa wenzo ili shinikizo lisishuke, mwingine unadunga petroli kwenye silinda, na jicho linaangalia kama kuna mtu karibu na propela. Injini ikishika kwa silinda tatu au nne, moshi mweupe unafunika bawa, na ni wewe wa kuamua kama inahitaji petroli zaidi au imeshalewa. Kosa la wanafunzi wengi ni kuwahi kusukuma nguvu mbele. Inatakiwa subira.

Yak-52 haina stata inayoshika krankishafti hata kidogo. Hewa iliyoshindiliwa hadi angahewa 50, yaani mara 50 ya shinikizo la kawaida la hewa, hutolewa kwenye mtungi na kugawiwa kwa silinda kwa zamu, ikizisukuma pistoni zilizo kwenye mpigo wa kazi. Unadunga petroli, unabonyeza kitufe, kunasikika mpumuo mkali, propela inaruka, injini inawaka. Ikiwa ya moto na ikiwa umeizoea, hakuna kinachowaka kwa raha kuliko M-14P. Lakini kila jaribio linakula hewa. Na hewa hiyo hiyo ndiyo inayokunja magurudumu, inayoshusha flapu (vipande vya nyuma ya bawa vya kupunguzia mwendo) na inayofunga breki. Mtungi uliovuja usiku kucha unakuacha bila stata na bila breki asubuhi, ndiyo maana wenye Yak hutembea na mtungi wa ziada, mara nyingi wa aina ya wapiga mbizi. Tena hewa ya shinikizo hilo haina huruma na oili iliyotuama. M-14P inajulikana kwa kupinda konrodi za wavivu wa kuvuta propela.

Moto wa kuwashia unaweza kutokea kwenye zote. Ukidunga petroli kupita kiasi, inatiririka hadi kwenye njia ya hewa au eksozi na kushika. Silika inamwambia mtu azime kila kitu na kukimbia. Kinyume chake, unakata mchanganyiko, unafungua wenzo wa nguvu na kuendelea kuzungusha injini ili inyonye moto ndani, huku mtu wa nje amesimama na mtungi wa kuzimia. Fanya zoezi hili kwa maneno na mwalimu kabla ya kugusa stata. Hapa Stearman na T-6 zinaweza kuendelea kuzungusha maadamu betri au gurudumu vina nguvu, wakati Yak ikiishiwa hewa imeishiwa.

Ikishawaka, jicho liko kwenye kipimo cha oili: shinikizo lisipopanda ndani ya nusu dakika, zima. Kisha unangoja. Oili ya injini hizi ni nzito, na kuikimbiza ikiwa ya baridi ni kuinyima beringi chakula. Kwa M-14P unangoja oili ifike nyuzi 40 na vichwa vya silinda 120 kabla ya kupima nguvu. Wakati wa baridi kungoja huko kunaweza kukuchosha kuliko kuruka kwenyewe.

Ardhini, ambako ndege nyingi huharibikia

Gurudumu la mkia linaweka uzito wa ndege nyuma ya magurudumu makuu. Ndege ikianza kupinda, mkia unataka kuipita pua, na usipoukanyaga mapema usukani wa mkia, inazunguka yenyewe, bawa linagusa ardhi na mguu unaweza kuvunjika. Stearman ina magurudumu yaliyokaribiana na mwili ulio juu, hivyo inazunguka kwa urahisi kuliko sura yake ya upole inavyoonyesha. Faida yake ni mwendo: inatua polepole, na kosa unaliona likija.

T-6 ina mguu mpana zaidi lakini ni nzito karibu mara mbili na inatua kwa kasi kubwa. Kosa likianza, linakuja na uzito wote huo nyuma yake. Mbele huoni kitu. Pua ndiyo ukuta wako. Unatembeza ndege kwa kupinda kushoto na kulia ili uone kilicho mbele, na anayechoka kupinda ndiye anayegonga.

Yak-52 inakupa unachokiona: gurudumu puani, kioo mbele, barabara ya kurukia yote iko wazi. Mtego wake ni mwingine. Gurudumu la puani halina usukani, linajizungukia tu. Unaongoza kwa breki, na breki ni wenzo ulio kwenye fimbo ya kuongozea, wakati pedali zinachagua ni gurudumu lipi lipate hewa. Wanafunzi waliozoea breki za vidole hutembea kama walevi siku ya kwanza, huku hewa ikipumua kila wanapobana. Siku ya pili wameshazoea.

Wakati wa kuruka kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: M-14P inazunguka kinyume na injini za Kimarekani. Ukiwa ndani ya Stearman au T-6, nguvu inavuta pua kushoto na unakanyaga kulia. Kwenye Yak inavuta kulia na unakanyaga kushoto. Aliyejenga mazoea ya miguu kwa saa mia kwenye ndege moja anapohamia nyingine anahitaji kuambiwa hili kabla ya kusukuma nguvu, kwa sababu mguu hufanya kazi kabla ya akili.

Hewani

Stearman ni ya wazi, upepo usoni, na inafanya kila kitu kwa utaratibu. Wakati wa vita mwalimu alikaa mbele na kuzungumza na mwanafunzi kwa bomba la mpira lililobeba sauti upande mmoja tu. Mwanafunzi hakuwa na njia ya kujibu. Leo kuna redio ya ndani, lakini mafunzo ni yale yale: miguu iratibiwe na mikono. Rubani aliyefundishwa kwenye ndege za kisasa hugundua hapa kwamba miguu yake ilikuwa imelala.

Yak ndiyo bora kwa sarakasi za angani. Inahimili mvuto wa +7 na -5, yaani mara saba ya uzito wake, na mara tano kwa upande wa kinyume, inaweza kuruka ikiwa imepinduka kwa muda mfupi, na fimbo yake ni nyepesi. Vipimo vyake vya asili viko kwa kilomita, mita na asilimia. Kwa waliosoma kwa kipimo hicho ni nafuu. Iliundwa na Yakovlev, ikatengenezwa Bacău nchini Romania kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, kwa hiyo kwa umri ni kijana katika kundi hili. Wapo watakaosema haistahili hata kuitwa ya zamani. Injini yake ni ya familia iliyoanza kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na hilo linanitosha.

T-6 ndiyo inayofundisha kusimamia injini kubwa. Konrodi moja kuu imefungwa kwenye krankishafti, na nyingine nane zimeungwa juu yake; beringi ya konrodi hiyo kuu ndiyo roho ya injini. Imejengwa kupokea msukumo kutoka kwa pistoni. Ukivuta nguvu ghafla wakati wa kushuka, upepo unaizungusha propela, propela inaizungusha injini, na mzigo unageuka upande. Kanuni ya walimu ni kubaki na angalau inchi moja (ya zebaki) ya shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini kwa kila mizunguko 100 kwa dakika: ukiwa mizunguko 2,000, usishuke chini ya inchi 20 mpaka ukaribie kutua. Ndio msingi wa kupanga kushuka mapema, tabia ambayo kila rubani wa ndege nzito za kivita za zamani anaihitaji. Ukiizembea kwenye kona kali, T-6 inaangusha bawa moja ghafla bila onyo la kutosha. Ndiyo maana majeshi yaliipenda: iliwachuja. Jeshi la Anga la Afrika Kusini liliendelea kufundishia Harvard hadi 1995.

Na ina kelele. Propela yake ya kipenyo cha karibu mita 2.7, isiyo na gia, hufikisha ncha zake karibu na kasi ya sauti wakati wa kuruka. Jirani za kiwanja watakujua kabla hujajitambulisha.

Pesa, vipuri na karatasi

Safu ya petroli kwenye jedwali inasema karibu yote. Saa moja ya T-6 inakunywa zaidi ya saa mbili za Stearman. Vipuri vya R-670 na R-1340 vipo kwa sababu vilitengenezwa kwa wingi wa kutisha. Binamu wa R-670 aliendesha hata vifaru vyepesi vya Marekani. M-14P inafaidika na mashindano ya sarakasi, kwani ndiyo iliyokuwa ikisukuma Sukhoi Su-26.

Kwa karatasi, utaratibu wa Marekani unaonyesha ngazi vizuri. Huko rubani huhitaji idhini ya mwalimu kwa kila moja ya haya: gurudumu la mkia, injini inayozidi farasi 200, na ndege yenye magurudumu ya kukunja, flapu na propela ya kurekebishwa. Stearman inadai mbili, Yak mbili, T-6 zote tatu. Yak husajiliwa huko katika kundi la majaribio na maonyesho, lenye masharti yake kuhusu matumizi, kwa hiyo uliza mapema kama mafunzo ya kulipia yanaruhusiwa kwenye ndege hiyo hasa.

Ningechagua hivi

Kwa asiyewahi kuendesha ndege ya gurudumu la mkia, Stearman, bila kusita. Ni polepole, makosa yake yana nafasi ya kurekebishwa, na ukitoka hapo miguu yako inafaa popote. Anayetaka kumiliki ndege, kuruka kila wiki na kupinduka angani, achukue Yak-52, mradi anaahidi kuvuta propela kila mara. Mwenye miguu mirefu na moyo wa safari aitazame pia Nanchang CJ-6 ya China, iliyoruka mara ya kwanza 1958: farasi 285, hewa ya kushindiliwa vile vile, gurudumu puani. Watu hudai ni nakala ya Yak-18, lakini usanifu wake ni wa Wachina wenyewe.

T-6 ni ya tatu, kwa anayelenga ndege za kivita. Kuanza nayo inawezekana, kwa kuwa wengi walifanya hivyo vitani, lakini nyuma yao kulikuwa na jeshi lililolipia mabawa yaliyovunjika.

Wanaotafuta kazi badala ya burudani wasahau zote tatu na waende kwa de Havilland Canada Beaver ya 1947, yenye farasi 450, ambayo rubani anaweza kuiongezea oili akiwa angani kwa sababu mdomo wa tangi uko ndani ya chumba chake. Antonov An-2, farasi 1,000, nayo ni shule nzuri, lakini bili ya petroli itakutoa machozi.

Popote utakapokwenda, muulize mwalimu kabla ya kulipa: ni nani atakayevuta propela na kuwasha injini, mimi au fundi wenu? Kuna wanaomkalisha mwanafunzi kitini injini ikiwa imeshapata moto. Kisha uliza kama bima inaruhusu mwanafunzi kuruka peke yake. Kwa Stearman na Yak jibu hutofautiana. Kwa T-6 mara nyingi ni hapana, na maana yake utajifunza yote huku mwalimu akibaki kiti cha nyuma hadi siku ya mwisho.